Mwandishi wa Deni Yuko Upande wa Nani?

Mtu wa mwambao akifika Nairobi, akatembea katika mitaa ya Eastlands kuanzia Pumwani hadi Kayole, atasikia maneno ya bahari yakitoka katika vinywa vya watu ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari. Mwuza mboga atamwambia kwamba jana aliokoa jahazi. Kijana wa bodaboda atamwambia kwamba shwari imemkatalia. Fundi wa Kariobangi atalalamika kwamba fuliza imemmaliza.

Jahazi linalotajwa hapo si chombo cha tanga. Ni muda wa kuzungumza unaokopwa kwa kampuni ya simu kwa ada ya asilimia 10. Na shwari si yale maji yaliyotulia upepo ulipolala. Ni akiba na mikopo ya benki iliyofunguliwa kwa watu wa M-Pesa mwezi wa Novemba, 2012. Ama kufuliza, ambako kwetu ni kufanya jambo mfululizo bila ya kusita, kumekuwa jina la deni tangu Januari, 2019. Kwa jina hili la mwisho sina ugomvi, maana limesema kweli.

Sikukusudia leo kulalamika kwamba maneno yetu yamechukuliwa. Maneno ni kama watu, husafiri na kufanya kazi ugenini. Ninalotaka tulitazame pamoja, ndugu msomaji, ni huyo anayekaa chini akayapanga maneno hayo katika kioo cha simu. Anamwandikia nani? Nasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Kazi yangu ni kuchora kurasa za simu. Napanga neno lipi litangulie, kitufe kikae wapi, rangi gani ivute jicho, na mtu akibonyeza hapa apelekwe wapi. Kazi hii ina jina refu la Kizungu ambalo nimekwisha choka kuwaeleza jamaa zangu wa Mombasa kila ninapokwenda nyumbani kwa Idi. Mama mmoja wa Kayole ndiye aliyenipa jina fupi, nami nitalieleza mbele.

Kabla ya maradhi ya korona kuingia nchini, kampuni moja iliniita niichoree soko la fedha lenye pande mbili. Upande mmoja wakae watu wenye akiba kidogo, kama vile mwalimu, muuguzi, au Mkenya aliyeko Ulaya. Upande wa pili wakae wafanyabiashara wadogo wa Gikomba, Kariobangi na Kayole wanaotafuta mtaji. Kampuni yenyewe haikopeshi wala haikopi. Inaweka uwanja tu, na kuchukua ushuru wake.

Soko la namna hii lina tabu yake. Mwenye pesa hakai asipoona wakopaji, na mkopaji hakai asipoona pesa. Ni kama mnada ambao wauzaji wamefika asubuhi na wanunuzi jioni. Anayelijenga hana budi kuvuta pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kila anachompa huyu huenda amemnyang'anya yule.

Mfano wa Mathare

Hapo hapo Eastlands pana mfano mzuri wa jambo hili. Mwezi wa Oktoba, 2005, kampuni za Vodafone na Safaricom zilianza kuijaribu M-Pesa kwa watu mia chache tu, katika Mathare, katikati ya jiji la Nairobi, na mji wa Thika. Watu hao walikuwa wateja wa Faulu Kenya, shirika la kukopesha wafanyabiashara wadogo kwa vikundi. Nia ya kwanza ilikuwa wapokee mikopo yao na kuilipa kwa simu, basi.

Lakini watu wakaitumia watakavyo wenyewe. Wengine walitumiana pesa. Wenye biashara waliziweka jioni ili wasitembee na fedha taslimu usiku. Msafiri aliweka huku akatoa kule afikako. Waliokuwa wakiijaribu hawakuwaambia watu kwamba wamekosea. Waliona, wakapunguza mambo, na ilipofika Machi, 2007 huduma ikafunguliwa kwa nchi nzima juu ya jambo moja jepesi, nalo ni kutuma pesa nyumbani.

Soko hilo nalo lilikuwa na pande mbili, mteja na wakala. Mteja haji kama wakala hana fedha mkononi, na wakala hawezi kufungia fedha zake katika floti kama hakuna wateja. Dawa yake ilikuwa hii: anayeweka pesa halipi kitu, na hata hivyo wakala hupata ujira wake kwa kuipokea. Gharama ikapelekwa kwenye kutuma na kutoa. Juu ya hayo, pesa ikitumwa, ujumbe huandikwa kwa aliyetuma na kwa aliyepokea, kila mmoja na kiasi, jina la mwenzake na saa. Mama asiyejua benki ni kitu gani aliiamini simu kwa sababu aliona kwamba anachokisoma yeye ndicho anachokisoma mwenzake.

Hilo la kusoma habari moja ndilo nililolisahau mimi.

Upatu na soko

Huku kwetu kina mama wana upatu, na kina mama wa Pumwani Majengo, mtaa ule wa zamani wa Waislamu wa Nairobi, wanao vile vile. Watu kumi wanatoa shilingi 500 kila juma, na kila juma mmoja wao anapokea 5,000. Ukitazama vizuri utaona kwamba aliyepokea kwanza ni mdeni wa wote tisa, na atakayepokea mwisho amewakopesha wote. Duru ikianza tena, wa mwisho huenda akawa wa kwanza. Kwa hiyo hakuna anayethubutu kuweka masharti ya kikatili, maana anajua kesho yatamwangukia yeye.

Soko la simu limeiondoa rehema hiyo bila ya kukusudia. Mwenye pesa hatapata kuwa mkopaji wa Kayole, na mkopaji wa Kayole hatapata kuwa mwenye pesa. Hawajuani kwa sura wala kwa sauti. Baina yao pana ukurasa mmoja tu, na ukurasa huo ameuchora mtu aliyelipwa.

Mimi nilianza na upande wa mwenye pesa, kwani niliambiwa kwamba wenye shida hawatafutwi, wanakuja wenyewe. Nikaupamba. Mwenye pesa alifunguliwa jina la mfanyabiashara, kazi yake, miezi aliyoifanya kazi hiyo, pesa zinazoingia na kutoka katika simu yake, na mikopo aliyowahi kulipa. Pembeni niliweka rangi, kijani kwa anayeaminika, manjano kwa wa wastani na nyekundu kwa wa hatari. Chini nikaweka faida inayotarajiwa.

Upande wa mkopaji niliufanya kwa siku mbili. Aliona maandishi makubwa kwamba amekubaliwa shilingi 5,000, na chini yake kitufe kipana cha KUBALI. Masharti yalikuwa nyuma ya maneno madogo ya kibuluu. Kabla ya hapo palikuwa na ukurasa wa kumwomba afungue majina ya watu wote waliomo katika simu yake. Kitufe cha kuruhusu nilikiweka mahali ambapo dole gumba limezoea kuangukia. Nilijua nilichokuwa nikifanya, na wakati huo nilikiona kuwa ni ustadi.

Nikaenda kuijaribu Kayole, kwa mama mmoja mwuza mboga aliyekuwa ndio kwanza amerudi Marikiti. Nairobi nako kuna Marikiti, kama yetu ya Mombasa. Nilimpa simu huku anakata sukuma wiki. Akabonyeza mara tatu bila ya kusoma, akanirudishia.

"Mama, umekubali nini?" nikamwuliza.

"Nimekubali pesa."

"Utarudisha ngapi?"

"Hapo hawajaandika. Wataniambia wakija kudai."

Kisha akaniuliza yeye. "Na huyo wa kunipa pesa, ameonyeshwa nini juu yangu?"

Sikuwa na sababu ya kumficha, nikamfungulia upande wa pili. Akaweka kisu chini. Akasoma jina lake, kibanda chake, hesabu za simu yake mwezi kwa mwezi, na ile rangi ya manjano.

"Kumbe mimi ndiye mboga," akasema. Halafu akanitazama. "Na wewe mwanangu ndiye karani wao."

Karani wa deni

Jina hilo lilinifuata mpaka nyumbani. Kila aliyesoma chuoni anajua kwamba aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Baqara, haizungumzii Sala wala Saumu. Inazungumzia kuandika deni. Nami nilikuwa nimeisoma utotoni bila ya kufikiri kwamba siku moja itazungumza na kazi yangu.

Aya hiyo inataka deni la muda maalumu liandikwe, na mwandishi awe mtu wa kukaa baina ya pande mbili kwa uadilifu. Inataka tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Basi hata mkopo wa shilingi 500 wa kununulia nyanya una haki ya kuandikwa sawasawa. Lakini lililonishitua ni hili, kwamba anayesema yaandikwe nini ni yule mwenye kudaiwa. Mdeni ndiye anayemsomea karani, kwa kuwa yeye ndiye dhaifu, na atakachokitamka kwa ulimi wake hawezi kusema baadaye kwamba hakukijua. Asipoweza, basi msimamizi wake amsemee kwa haki.

Mimi nilikuwa nimeligeuza. Mwenye mali alisema, karani akaandika, na mdeni akapewa kitufe.

Nilirudi kwa wale walioniajiri na mambo matatu. La kwanza, ukurasa wa mkopaji uanze na mambo manne katika maandishi ya ukubwa mmoja: atapokea shilingi ngapi mkononi, atarudisha ngapi, siku gani, na akichelewa itakuwaje. Yaandikwe kwa shilingi na si kwa asilimia, maana sokoni watu huhesabu shilingi. La pili, kile kitufe cha KUBALI kiondoke, na mahali pake mkopaji aandike mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, kiasi atakachorudisha. Kwa njia hiyo ndiye atakayekuwa amemsomea karani. La tatu, ule ukurasa wa kuomba majina ya watu ufutwe kabisa.

La kwanza walilikubali. La pili walilikubali kwa shingo upande, wakisema litawapunguzia wakopaji. La tatu walilikataa. "Bila ya majina hayo," waliniuliza, "tutamshika vipi?" Nilimaliza siku zangu, nikaondoka. Siwezi kujisifu, kwani ukurasa ule niliuchora mimi na ulibaki kama nilivyouchora.

Kilichotokea mitaani miaka ile mnakijua. Mtu yumo kazini, anapigiwa simu na asiyemjua, anaambiwa kwamba binamu yake ni mwizi. Imamu anapigiwa. Mkwe anapigiwa. Sisi wa mwambao tuna neno sitara, na tunajua kwamba mtu akishavuliwa sitara yake haivaliki tena kama shati. Mwezi wa Desemba, 2021 sheria ilibadilishwa, Benki Kuu ya Kenya ikapewa mamlaka juu ya wakopeshaji wa simu, na kanuni za Machi, 2022 zikapiga marufuku vitisho, matusi, na kuwapigia watu waliomo katika simu ya mdeni. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini sheria ilifika wakati fedheha imekwisha kula watu, na kitufe kilichowafungulia mlango wale wapigaji simu kilichorwa na mtu mwenye kujua kusoma na kuandika.

Haki ya mwenye pesa

Yuko atakayesema kwamba nimemwonea huruma mkopaji tu. Hapana. Mwenye pesa naye ana haki, na mara nyingi akiba yake ni jasho la miaka. Wapo pia wakopaji wanaobadilisha simu na kupotea. Karani anayemdanganya mwenye mali ili kumsaidia maskini, naye ameuvunja uadilifu.

Tazama mfano wa Kiva, soko la mikopo lililoanzishwa Marekani mwaka 2005, ambalo mikopo yake ya kwanza iliwaendea wafanyabiashara saba wa Tororo, Uganda. Mtu wa mbali huangalia picha ya mwenye biashara, humchagua, akatoa fedha zake bila ya kutaka faida. Mwezi wa Oktoba, 2009 mtafiti mmoja, David Roodman, alieleza kwamba mara nyingi yule wa pichani amekwisha kupewa mkopo na shirika la kwao kabla picha haijatundikwa, na kwamba fedha za mgeni zinajaza mfuko wa shirika hilo, ambalo nalo humtoza mkopaji. Hapakuwa na wizi. Palikuwa na ukurasa ulioacha watu waamini jambo ambalo silo. Kiva wenyewe walibadilisha maelezo yao yakawa wazi zaidi, na soko halikufa kwa kusema kweli.

Kwa hiyo mwenye pesa naye aambiwe, kwa maandishi makubwa kama yale ya faida, kwamba fedha hizi zaweza kupotea. Aambiwe pia kwamba yule wa pichani ameonyeshwa nini juu yake.

Suala la riba

Najua msomaji wangu ameshaniuliza moyoni: na riba je? Mimi si mwanachuoni na sitatoa fatwa katika gazeti. Mashehe wapo, waulizwe. Ninaloweza kusema ni la karani. Mkopo wa M-Shwari ulipoanza, gharama yake iliitwa ada, asilimia 7.5 kwa siku 30. Neno ada ni jepesi kwa ulimi. Lakini mtu akikopa shilingi 1,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa ametoa ada ya shilingi 900 kwa ile ile elfu moja. Hesabu hiyo inafaa iandikwe mbele yake, ili akiulizwa na shehe wake ajue la kumjibu. Jina zuri lisimzuie mtu kuuliza.

Wenye kutafuta njia ya sheria hawakukaa bure. Benki za Kiislamu zilifunguliwa Kenya mwaka 2008, na mwaka 2023 Gulf African Bank pamoja na Safaricom walianzisha Halal Pesa kwa watumiaji wa M-Pesa. Katika biashara ya murabaha, ambayo wenye duka wa mwambao wanaijua kwa babu zao, muuzaji hutaja alichonunulia na faida anayoitaka, kisha mnunuzi akaamua. Sharti hilo la kubainisha lingeingizwa katika kila ukurasa wa mkopo wa Eastlands, uwe wa Waislamu au wa wengine, mengi yangetulia.

Tumewakopesha watu wa bara jahazi na shwari, wala hatukuwatoza riba. Tunayo maneno mengine yanayofaa kazi hii: amana, bayana, sitara. Vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaojifunza siku hizi kuchora kurasa za simu wayachukue pia, wasiyaache nyumbani wanapopanda gari kwenda Nairobi. Na kabla hawajauonyesha mchoro wao kwa mwenye kampuni, kwanza wauonyeshe kibandani, pande zote mbili, wakae wasikilize.

Mimi bado napita Kayole mara kwa mara, na nikifika kwa yule mama hununua mboga zangu hapo. Hanisalimu kwa jina. Kila mara huniuliza, "Karani, leo wamwandikia nani?" Ni swali ambalo kila mwenye kazi yetu anafaa aulizwe kabla hajapokea ujira wake.